Mzee Pang Aulizwe kwa Kiswahili

Tomasi alikuwa na jambo moja la kujivunia, na alilitangaza popote palipokuwa na masikio mawili: tangu akanyage Toronto hajakosa mtu wa kuzungumza naye, hata siku moja.

"Upweke?" alisema, akikunja uso kama aliyetajiwa ugonjwa wa mifugo. "Huo nausikia kwa watu. Simu hii ina majina mia nne, bwana. Nikiiweka mezani naisikia inahema."

Haya aliyasema Jumamosi moja ya Machi, mwaka 2009, katika duka la Mzee Nazarali kule Don Mills. Mzee Nazarali alikuwa Mwismaili wa Dar es Salaam, mtu wa Upanga, na duka lake lilikuwa na unga wa sembe, mihogo ya barafu, majani ya chai na maneno mengi. Wakati huo alikuwa akipima dengu, na hakuinua macho kwenye mzani.

"Vizuri sana," alisema. "Nina sambusa kumi hapa zinapoa. Mpigie mmoja katika hao mia nne aje tule naye."

Tomasi akapiga. Wa kwanza simu ilikuwa imezimwa. Wa pili alikuwa kazini, akasema "nitakupigia" kwa ile sauti ya mtu ambaye hatapiga. Wa tatu akauliza, "Tomasi yupi?" Wa nne ilikuwa benki. Na tusimfiche aibu yake: mazungumzo marefu kuliko yote aliyofanya wiki ile alikuwa ameyafanya na mwanamke huyo wa benki, yule wa kwenye kanda, anayesema bonyeza moja, bonyeza mbili. Hata yeye alimkatia simu.

"Sambusa zimepoa," akasema Mzee Nazarali, akamsogezea sahani. "Kula, bwana mdogo. Na unisikilize. Wewe mdomo unao, hilo halina ubishi. Sasa kuna mama mmoja anatafuta mdomo."

"Mama wa wapi?"

"Mchina."

"Mzee, mimi Kichina sijui hata 'karibu'."

"Na nani kakwambia anataka Kichina?"

Hapo ndipo Tomasi aliposikia habari za Mzee Pang. Huyu alikuwa Mchina, lakini Mchina wa Unguja. Alizaliwa Mji Mkongwe, baba yake akinunua majongoo ya bahari, akiyakausha na kuyapeleka Hong Kong, ambako watu huyala na kulipa vizuri. Alisoma Unguja, akacheza mpira Unguja, akapigwa viboko vya Unguja. Baadaye familia ikahamia Hong Kong. Huko akaoa, na miaka ikamsogeza mpaka Toronto, alikofungua duka la mikate. Alipougua mwishoni, akili yake ilianza kurudi nyumbani kwa kupitia njia ileile aliyojia. Kwanza kilimtoka Kiingereza. Kisha kikamtoka Kikantoni, akawa hamwelewi hata mkewe. Juma la mwisho kilibaki Kiswahili peke yake, na binti yao akiwa mbali, wodi nzima hapakuwa na mtu wa kumjibu. Mkewe akazunguka mji akiuliza, hadi akaangukia dukani kwa Mzee Nazarali.

"Nilikwenda mara mbili," alisema Mzee Nazarali. "Akanishika mkono, akaniambia: nikifa, mje kuniamkia kwa lugha yangu. Basi wenzetu hawa wana siku yao, mwanzoni mwa Aprili, wanaiita Ching Ming. Wanakwenda kufagia makaburi ya wazee wao, wanawapelekea chakula, wanawapa habari. Mwaka jana nilikwenda mimi. Mwaka huu magoti yamekataa. Na huyo mama hatakubali mumewe asemeshwe kwa lugha asiyoitaka."

"Kwa hiyo niende nikaongee na maiti."

"Si unasema hujawahi kukosa mtu wa kuongea naye?"

Tomasi alicheka, maana alikuwa mtu wa haki: akipigwa bao zuri, hushangilia. Lakini alipofika kwake Crescent Town, ghorofa ya kumi na nane, hakucheka. Aliishi na vijana wawili wa Bangladesh ambao zamu zao za kazi zilipishana na yake kiasi kwamba katika miezi saba alikuwa amewaona kwa pamoja mara mbili, na mara moja ilikuwa kengele ya moto. Waliongea kwa vikaratasi vilivyobandikwa kwenye jokofu. Jioni ile palikuwa na kimoja: *Maziwa haya ni yangu.* Tomasi akakisoma, akachukua kalamu, akaandika chini yake, *Habari za siku nyingi, ndugu?* Kesho yake maziwa yalikuwa yamehamishwa, na jibu halikuwepo.

*

Mama Pang alikuwa mwanamke mfupi, mwenye koti la bluu lililomfika visigino na mkoba wenye kila kitu. Kiswahili alijua maneno saba, yote aliyarithi kwa mumewe: njoo, kula, pole, haraka, choyo, shenzi na mwongo. Mengine yote alizungumza na Tomasi kwa Kiingereza, yeye na chake cha Hong Kong, Tomasi na chake cha kidato cha sita, Tanga, wakakutana katikati.

Mwaka ule wa kwanza alimfundisha kazi. Kwanza unafagia majani makavu yaliyolala chini ya theluji msimu mzima. Kisha unasugua jiwe kwa brashi na maji ya vuguvugu yaliyobebwa kwenye chupa ya chai. Kisha unachukua kibrashi chembamba na kikopo cha rangi nyekundu, unapitia maandishi ya jina, mstari kwa mstari, ili marehemu asisahaulike kwa mvua. Ndipo chakula kinapangwa: kuku mzima wa kuchemsha na kichwa chake, nyama ya nguruwe ya kuoka, machungwa, vikombe vitatu vya chai na vitatu vya pombe. Vijiti vya ubani vinawashwa, watu wanainama mara tatu. Noti za karatasi, za kutumika huko aliko, zinachomwa kwenye pipa la chuma. Na kwa Mzee Pang kulikuwa na sahani moja zaidi, ya maandazi, aliyopika mkewe kwa kukisia. Yalikuwa magumu. Tomasi alilibonyeza moja akasema moyoni, huyu mzee hata asingekufa kwa ugonjwa, haya yangemmaliza.

"Sasa mwambie," alisema Mama Pang.

"Nimwambie nini?"

"Habari. Amekaa mwaka mzima hajui kitu."

Tomasi akalitazama jiwe. Akakohoa. "Shikamoo, Mzee Pang," akasema, na akasubiri, kama mjinga, aitikiwe marahaba. Kisha akaanza. Alisema mjukuu amefaulu, paa la nyuma limezibwa, jirani mwenye mbwa amehama na mbwa wake. Hayo ndiyo aliyotumwa. Yakamwishia, lakini mdomo haukusimama. Alijikuta anamweleza Mzee Pang habari za ghala la matunda anakofanya kazi, kwamba anapanga maembe ya Meksiko kwenye masanduku kwa saa nane na wenzake wote wameziba masikio kwa muziki, na kwamba embe lenyewe halina harufu, mzee, halina harufu hata kidogo, ungelia. Alisema na kusema. Alipogeuka, Mama Pang alikuwa ameketi juu ya gazeti akimenya chungwa, hajaelewa neno, na uso wake umetulia kama wa mtu anayesikiliza redio ya nyumbani kwao.

"Vizuri," alisema. "Alikuwa akiongea hivyohivyo. Hana kituo." Akampa chungwa. "Kula."

Walikula palepale makaburini, maana chakula hicho marehemu akishashiba ni cha walio hai. Nyama ya nguruwe Tomasi aliipiga bila maswali. Mama Pang alitaka kumlipa, akakataa. Basi akamwambia Jumapili ijayo aje nyumbani kunywa supu.

Akaenda. Na Jumapili iliyofuata pia. Tusimalize karatasi: kwa miaka miwili Jumapili za Tomasi zilikuwa za Mama Pang. Alizoa theluji mlangoni, alibadilisha balbu, alikalia kile kiti cha kuyumba cha marehemu baada ya kuruhusiwa, na supu ilikuja na mifupa na tende nyekundu. Akitia chumvi kwenye hadithi zake, mama alinyoosha kijiko: "Mwongo!" Tomasi akafurahi kama aliyepewa cheti. Siku sita alikuwa mtu wa masanduku ya maembe na vikaratasi vya jokofu. Ya saba aliitwa mwongo na mtu aliyemjua kwa jina.

*

Sasa tufike mwaka 2011.

Mwezi wa Januari Mama Pang aliteleza kwenye ngazi za mbele. Theluji haingoji Jumapili. Ilianguka Jumanne, yeye akatoka Jumatano kuchukua barua, nyonga ikagonga jiwe. Haikuvunjika, lakini tangu siku hiyo alitembea akishika kuta. Binti yake, Suk-Yin, mfamasia wa Vancouver, akaanza kupiga simu kila siku. Mwisho wa Machi mama akamweleza Tomasi mezani, taratibu, kana kwamba anahesabu mifupa ya samaki.

"Suk-Yin anataka niuze nyumba nikaishi kwake. Vancouver haina barafu nyingi. Chumba changu kiko chini, hakuna ngazi."

Tomasi aliweka kijiko. "Na wewe unataka?"

"Nataka," alisema mama, akaona haya kulisema. "Nimechoka kuogopa ngazi zangu mwenyewe. Lakini siwezi kumwacha bila kumuuliza. Nitamuuliza siku ya Ching Ming. Akikubali, nitakwenda. Akikataa, nitakaa."

"Unamuulizaje?"

Akafungua droo, akatoa vipande viwili vya mti vyekundu, vimepinda kama korosho mbili kubwa. Kila kipande kilikuwa na upande bapa, tuuite tumbo, na upande wa mviringo, tuuite mgongo. Unapiga magoti, unauliza swali, unavirusha. Kimoja kikilala tumbo juu na kingine mgongo juu, marehemu amekubali. Migongo yote miwili ikiwa juu, amekataa. Matumbo yote mawili yakiwa juu, basi anacheka: umeuliza kwa namna isiyofaa, uliza tena.

"Utauliza wewe," alisema mama. "Kwa Kiswahili. Kwa Kikantoni alikuwa ananikubalia kila kitu ili ninyamaze. Kwa Kiswahili alikuwa anasema anachotaka."

Wiki ile Tomasi alipanga maembe vibaya mpaka msimamizi akamuuliza kama anaumwa. Hakuwa anaumwa. Alikuwa anapiga hesabu ya Jumapili, na kila akihesabu, zinaishia sifuri. Alijiambia mama atanunuliwa viatu vya meno, vya kushika barafu. Alijiambia ngazi zitawekewa chumvi, yeye atakuja Jumatano pia, atakuja Jumanne. Alijiambia Vancouver kunanyesha mvua mwaka mzima na mvua nayo inatelezesha. Nyonga ya mama aliiona vizuri, si kwamba hakuiona. Aliizunguka tu, kama mtu anavyozunguka kinyesi cha mbwa njiani, huku akiangalia mbele.

Siku ya Ijumaa, mbele ya sanduku la maembe, akapata wazo. Lilikuwa wazo la kihuni, likamfurahisha. Mama haelewi Kiswahili. Swali atalisema yeye. Basi kwa nini amuulize mzee swali ambalo huenda akalikubali? Amuulize jambo ambalo hakuna mwanamume yeyote, hai wala mfu, atalikubali. Jibu litakuwa hapana, mama atasoma hapana, na Jumapili zitabaki mahali pake.

*

Jumapili ya tarehe tatu Aprili kulikuwa na jua lisilo na joto. Theluji ilikuwa imebaki mabaka-mabaka kwenye vivuli, na makaburini kulijaa: familia nzimanzima, watoto wamebeba mashada, vibibi vikitoa amri, moshi wa ubani umetanda, kuku wa kuchemsha kila upande. Tomasi aliyaona makundi yale, watu kumi kumi juu ya kaburi moja, wakigombania brashi. Kwa Mzee Pang walikuwa watatu.

Suk-Yin alikuwa amefika tangu Alhamisi. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, nywele fupi, glavu nzuri. Tomasi alijaribu kumchangamkia.

"Shikamoo, dada," alisema, akijitia utani.

"Hi," alijibu Suk-Yin, akaendelea kusugua jiwe. Kila aliloambiwa, na mama kwa Kikantoni au na Tomasi kwa lugha yoyote, alilijibu kwa Kiingereza, kifupi, kama mtu anayelipia maneno. Tomasi akamwandika moyoni: huyu wa baridi.

Walifagia, wakasugua, Tomasi akapitia maandishi kwa rangi nyekundu kama kawaida. Safari hii mstari mmoja ulivuka mpaka. Chakula kikapangwa. Wakainama mara tatu. Kisha mama akatoa vile vipande vya mti kutoka kwenye mkoba, akaviweka na kuvifumba viganjani mwa Tomasi kama anayempa vifaranga.

"Muulize hivi," alisema. "Pang, mkeo anazeeka. Anataka kwenda kukaa na mtoto. Je, unampa ruhusa akuache hapa? Useme wazi."

Tomasi akapiga magoti kwenye nyasi zilizolowa maji. Suk-Yin alisimama nyuma yake kidogo, mikono mifukoni.

"Shikamoo, Mzee Pang," alianza. "Ni mimi Tomasi. Nisamehe, leo sina habari ndefu. Nina swali moja tu, na nakuuliza mbele ya kuku wako. Je, unakubali kunipa mimi nyumba yako, na gari lako, na kile kiti chako cha kuyumba, viwe mali yangu kuanzia leo, na mkeo awe ananipikia supu mpaka nizeeke?"

Nyuma yake Suk-Yin alikohoa. Moshi, Tomasi alidhani.

Akarusha. Vipande vikaruka, vikagongana, vikalala kwenye nyasi. Matumbo yote mawili juu.

"Anacheka!" alisema mama, akashika kifua. "Umeulizaje? Umemtania?"

"Hata kidogo, mama."

"Mwongo. Uliza tena. Polepole."

Tomasi akaviokota. Vilikuwa vya baridi, vimeshika majimaji. Alitaka kurudia lilelile, aongeze na duka la mikate. Lakini kitendo cha kuchekwa na mtu aliye chini ya ardhi kilikuwa kimempokonya maneno. Alilitazama jiwe, zile herufi alizozipaka Aprili tatu bila kujua kuzisoma, na swali likamponyoka kabla hajalikagua.

"Mzee," alisema, kwa sauti ndogo. "Akiondoka huyu, mimi nitaweza kukaa hapa peke yangu?"

Akarusha. Migongo miwili juu.

Hapana.

Mama aliinama, akavitazama vile vipande kwa muda mrefu, asiviguse. Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei na hana la kujadili. Akamwambia Suk-Yin kitu kwa Kikantoni. Suk-Yin akajibu, "Mom, no."

"Nimemwambia asikate tiketi yangu," alisema mama kwa Tomasi. "Nitakaa." Alijaribu kupiga magoti karibu naye. Nyonga ikamzuia nusu ya njia. Akabaki ameshika bega la Tomasi, nusu amesimama nusu amechuchumaa, uzito wake wote, ambao haukuwa uzito wa kitu, ukiwa juu ya bega hilo. "Sasa mwambie kwa Kiswahili. Mwambie nimesikia. Mwambie namwomba radhi kwa kumuuliza jambo kama lile. Mwambie nilikuwa mchoyo."

Tomasi alifungua mdomo. Katika maisha yake alikuwa ametania walimu, askari, mapadri, mwanamke wa benki na maiti. Lakini hilo neno moja, kumwambia Mzee Pang kwamba mkewe ni mchoyo, halikupita. Alihisi vidole vya mama begani, vikijishikilia.

"Mama," alisema. "Nilikosea kuuliza."

"Umekosea vipi?"

"Maneno. Kiswahili kina mambo mengi. Sikulisema ulivyolisema wewe. Alijibu kitu kingine. Hili lako bado hajaulizwa."

Mama alimchungulia usoni kwa macho yaliyotaka sana kuamini na yaliyoogopa kuamini. "Inaruhusiwa mara tatu," alisema mwishowe. "Zaidi ya hapo ni kumsumbua."

"Mara tatu zinatosha."

Akaokota vipande. Safari hii hakusema hata shikamoo. Alinyoosha mgongo, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wenye kaburi la jirani, neno kwa neno, kama anayesoma barua ya mtu mwingine: "Mzee Pang. Mkeo anazeeka. Ameanguka kwenye ngazi, na anaumwa nyonga. Anataka kwenda kukaa na mtoto wenu, chumba cha chini, pasipo na barafu. Anakuomba ruhusa akuache hapa. Unampa?"

Alitamani vigome hewani. Alivirusha taratibu, kama anayewaachia ndege. Vikagusana, vikaanguka. Kimoja kikalala mgongo juu. Kingine kikabingirika hadi kwenye sahani ya maandazi, kikagonga ukingo, kikasimama kwa ubavu sekunde moja ndefu kupita kiasi, kisha kikalala. Tumbo juu.

Mama Pang aliweka mkono mdomoni. Kisha akacheka, akalia, akampiga Tomasi begani mara mbili, akaanza kumwambia mumewe maneno mengi ya Kikantoni ambayo hakuna aliyetakiwa kuyatafsiri. Tomasi alibaki magotini. Maji ya nyasi yalikuwa yamepenya suruali muda mrefu uliopita. Aliyasikia makundi ya watu wengine yakicheka, mtoto akilia kwamba anataka chungwa, na akaona kwamba mwakani, siku kama hii, kama atakuja, atakuja na basi, peke yake, na brashi kwenye mfuko wa plastiki.

"Nakwenda kumchomea hela," alisema mama, akakusanya bunda zake za karatasi. "Ana safari yetu ya kufikiria sasa. Msinifuate, nina maneno naye." Akashika njia ya kwenda kwenye pipa, pole pole, akijishikiza kwenye mawe ya watu wengine na kuwaomba radhi kwa kichwa.

Tomasi akaanza kukusanya vikombe, apate cha kufanya. Akamimina pombe ardhini. Akajipangia uso wake ule wa kawaida, wa dukani, na ulikuwa karibu kukaa sawa.

"Vancouver pazuri," alisema kwa Kiingereza, bila kugeuka. "Atafurahi. Mimi mwenyewe nilimwambia tangu mwanzo, mama, nenda. Nina shughuli nyingi, unajua, marafiki wengi, Jumapili zenyewe sikuwa nazipata."

Suk-Yin alichuchumaa, akavua glavu, akachukua andazi moja, akalimega kwa nguvu, akalitafuna. Kisha akasema, kwa Kiswahili, Kiswahili laini cha Unguja chenye kutu kidogo, cha mtu aliyekisikia kwa baba jikoni utoto wake wote, bila mama kujua kwamba kimemwingia, na hajapata wa kuzungumza naye tangu baba alipozikwa:

"Nyumba hatukupi. Wala gari."

Vikombe viwili vilimdondoka Tomasi. Kimoja kilivunjika.

"Kiti chukua," alisema Suk-Yin. "Mimi sikitaki, kinalia."

Tomasi alimtazama, akatazama jiwe, akatazama kule kwenye pipa ambako koti la bluu lilikuwa limezungukwa na moshi. Masikio yalimwaka. Alitafuta mzaha, wowote, hata wa kitoto, akapapasa ndani kama mtu anayetafuta funguo mlangoni pake, hakuna.

"Dada," alisema hatimaye. "Na lile swali la pili?"

Suk-Yin alipangusa makombo mikononi, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"La pili nalo nimelisikia."